Kuhisi Metali Bila Kuigusa: Vihisi vya Induksheni na Viwanda vya Milima ya Upare

Utangulizi

Kiwanda chochote cha kisasa, kiwe kikubwa kama cha saruji cha Tanga au kidogo kama cha kusindika tangawizi katika safu za Upare Kusini, huendeshwa kwa maswali machache yanayoulizwa na kujibiwa mara nyingi kila dakika: je, mlango wa mashine umefungwa, mkanda wa kusafirishia mzigo unazunguka, kisu kimefika mahali pake, kifuniko kipo juu ya chupa, kipande cha chuma kimeingia katika unga? Zamani maswali hayo yalijibiwa kwa macho na mikono ya wafanyakazi, na baadaye kwa swichi za kubonyezwa ambazo zilichakaa kwa kugongwagongwa. Siku hizi sehemu kubwa ya majibu hutolewa na chombo kidogo kisicho na sehemu yoyote inayosogea, ambacho hutambua metali iliyo karibu nacho bila kuigusa. Chombo hicho ni kihisi cha induksheni, ambacho mafundi wengi wa viwandani hukiita kwa kifupi sensa.

Mhadhara huu unaeleza kihisi hicho hufanyaje kazi, kinatumika wapi, kinauzwaje, na kina maana gani kwa wakazi wa Myamba na kata jirani za Wilaya ya Same, ambao zao lao kuu la biashara, tangawizi, linazidi kudaiwa na soko likiwa limekaushwa, limesagwa na kuthibitishwa kuwa salama. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa kuwa fizikia ya chombo hiki inafundishwa katika shule za sekondari na bei ya aina zake za kawaida iko ndani ya uwezo wa ushirika wa wakulima, hakuna sababu ya kukiacha kiwe siri ya fundi anayeitwa kutoka mbali. Kujua namna ya kukichagua, kukifunga na kukipima ni sehemu ya kumiliki kiwanda chenyewe.

Upare na elimu ya metali

Elimu ya metali si ngeni katika milima hii. Uchimbuaji wa kiakiolojia wa Robert Soper katika miaka ya 1960 huko Bombo Kaburi, Upare Kusini, ulifichua makazi ya watu wa Zama za Chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo; naye mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichochapishwa mwaka 1969, alieleza jinsi ukoo wa wafua chuma wa Washana ulivyoshika mamlaka huko Ugweno, Upare Kaskazini, kabla ya Wasuya kuutwaa utawala. Chuma cha Ugweno kilivuka tambarare na kuwafikia Wachaga, na nguvu ya wahunzi ilitokana na maarifa waliyokuwa nayo kuhusu tabia ya metali ndani ya moto, maarifa ambayo jirani zao walilazimika kuyalipia. Katika karne hii metali inazungumziwa kwa lugha ya umeme na sumaku, lakini kanuni ya kiuchumi haijabadilika: anayeielewa metali humuuzia asiyeielewa.

Msingi wa kifizikia

Mwaka 1831 mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, aligundua kwamba uga wa sumaku unaobadilika, yaani eneo linalozunguka sumaku ambamo nguvu yake husikika, huzaa umeme katika waya ulio ndani ya eneo hilo. Tendo hilo huitwa induksheni ya sumakuumeme, na ndilo linaloendesha jenereta, transfoma na vihisi vinavyojadiliwa hapa. Mwaka 1834 Heinrich Lenz, aliyefanya kazi Urusi, alieleza kwamba umeme unaozaliwa kwa njia hiyo hupinga daima badiliko lililouzaa. Na mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault alionyesha kwamba bamba la metali linalozungushwa kati ya ncha za sumaku hupunguza mwendo na kupata joto, kwa sababu ndani yake huzaliwa mikondo ya umeme inayojizungusha katika mapete yaliyofungika. Mikondo hiyo imebaki na jina lake, nayo huitwa mikondo ya Foucault.

Kihisi cha induksheni huunganisha kanuni hizo tatu. Mbele yake mna koili, yaani waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi, na koili hiyo hupewa umeme unaogeuka mwelekeo kati ya mara laki moja na mara milioni moja kwa sekunde, hivyo kuzaa uga wa sumaku unaogeuka kwa kasi hiyohiyo mbele ya uso wa kihisi. Pasipo na metali karibu, uga huo huenda na kurudi ukipoteza nishati kidogo sana. Kipande cha metali kinapoingia ndani yake, mikondo ya Foucault huzaliwa juu ya kipande hicho, kipande hupata joto dogo lisiloweza kusikika kwa mkono, na nishati ya joto hilo haina mahali pengine pa kutoka isipokuwa katika koili yenyewe.

Jambo hilo linaweza kulinganishwa na kazi ya msimamizi wa ndiva, bwawa la jadi la Wapare la kukusanyia maji ya umwagiliaji, ambaye akiona kina cha maji kinashuka upesi kuliko kawaida hujua kwamba kuna mtu amefungua maji huko chini, hata kama hamwoni wala hasikii jembe lake. Kihisi nacho hakikioni kipande cha metali. Kinachopimwa ni upungufu wa nishati yake chenyewe, na kutokana na upungufu huo kinatambua kwamba kuna mtumiaji mbele yake.

Maelezo haya yanafumbua jambo ambalo huwashangaza wengi wanaoanza kujifunza, nalo ni kwamba shaba nyekundu, ijapokuwa hupitisha umeme vizuri kuliko chuma, huhisiwa kwa umbali mdogo zaidi kuliko chuma. Sababu ni kwamba mikondo inayozaliwa katika shaba hupita kwa wepesi na kupoteza nishati kidogo, ilhali katika chuma cha kawaida, ambacho huvutwa na sumaku, uga hubanwa katika tabaka jembamba sana la juu, mikondo hulazimika kupita katika njia finyu yenye ukinzani mkubwa, na upotevu wa nishati huongezeka. Kwa sababu hiyohiyo karatasi nyembamba ya alumini, kama ile inayofungia chokoleti, yaweza kuhisiwa kwa umbali mkubwa kuliko bamba nene la alumini hiyohiyo. Mbao, plastiki, maji, ukungu, vumbi na tangawizi yenyewe havileti upotevu wa kutosha, kwa hiyo kihisi huvipita kana kwamba havipo.

Muundo wa ndani na namna ya kufungwa

Kihisi cha kawaida cha viwandani kina sehemu nne zinazofuatana. Ya kwanza ni koili iliyowekwa ndani ya kikombe cha feraiti, aina ya kauri yenye madini ya chuma ambayo huuelekeza uga mbele badala ya kuuacha usambae pande zote. Ya pili ni osileta, saketi ya transista inayoipa koili umeme wenye kugeuka. Ya tatu ni saketi ya kupima nguvu ya mtetemo huo, ambayo huamua ikiwa umeshuka chini ya kiwango kilichowekwa. Ya nne ni swichi ya kielektroniki, ambayo hupeleka jibu la ndiyo au hapana kwenye kompyuta ya kuongozea mitambo, ile ambayo mafundi huiita PLC, au kwenye rilei ya kawaida.

Kati ya sehemu ya tatu na ya nne kuna ujanja mdogo wenye manufaa makubwa. Laiti kihisi kingewaka na kuzima katika umbali uleule, kipande kinachotikisika kwenye mpaka huo kingesababisha kuwaka na kuzima mfululizo, na mashine ingepotoshwa. Kwa hiyo umbali wa kuzima huwekwa mbali kidogo kuliko ule wa kuwaka, kwa asilimia chache za umbali huo. Tofauti hiyo huitwa histeresisi, na ndiyo inayofanya jibu la kihisi liwe thabiti hata mashine inapotetemeka.

Mtu akikishika kihisi cha aina inayotumika sana, huona bomba dogo la metali lenye hesi kwa nje, kipenyo chake milimita 12, nati mbili za kukifungia kwenye bamba, uso wa plastiki upande wa mbele na taa ndogo upande wa nyuma, ambayo huwaka kila kinapohisi. Kutoka nyuma hutoka waya tatu ambazo rangi zake zimekubaliwa kimataifa: ya kahawia hupokea umeme chanya, ya buluu hasi, na nyeusi hubeba jibu. Umeme unaohitajika ni wa mkondo mnyoofu, kwa kawaida kati ya volti 10 na 30, na viwanda vingi hutumia volti 24. Kwa hiyo umeme wa gridi wa volti 230 lazima upitie kwanza kwenye kifaa cha kuushusha na kuunyoosha, na ubora wa kifaa hicho huamua kwa kiasi kikubwa umri wa vihisi, hasa mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo.

Fundi mzuri hukijaribu kihisi kabla ya kukifunga, kwa kukipa umeme mezani, kukisogezea spana polepole na kupima kwa rula umbali ambao taa inawaka. Jaribio hilo halihitaji kifaa cha gharama, na huonyesha mara moja kama kihisi ni kizima na kama umbali wake unalingana na ule ulioandikwa ubavuni mwake.

Umbali na vipimo

Umbali ambao kihisi kinaweza kuhisi hutegemea kwanza ukubwa wa koili yake. Katika vihisi vinavyoweza kuzamishwa kabisa ndani ya bamba la metali, kile cha kipenyo cha milimita 12 kwa kawaida huhisi milimita 2, cha milimita 18 huhisi milimita 5, na cha milimita 30 huhisi milimita 10. Vile ambavyo uso wake huachwa ukitokeza nje ya bamba huhisi mbali zaidi, kwa mpangilio uleule milimita 4, 8 na 15. Vipimo hivyo hutolewa kwa kutumia shabaha ya kawaida, yaani kipande cha mraba cha chuma laini chenye unene wa milimita 1, kama inavyoelezwa na kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-5-2.

Shabaha ikiwa metali nyingine, umbali huo huzidishwa kwa kigezo cha kupunguza: takriban 0.7 kwa chuma kisichoshika kutu, 0.4 hivi kwa shaba ya njano na alumini, na 0.3 hivi kwa shaba nyekundu. Maana yake ni kwamba kihisi cha milimita 18 kilichoandikwa milimita 5 kitahisi kifuniko cha alumini kwa milimita 2 tu, na fundi aliyekifunga milimita 4 kutoka kwenye kifuniko hicho atakilaumu bure kwamba ni kibovu. Zimekwisha kutengenezwa aina zenye koili kadhaa zinazohisi metali zote kwa umbali mmoja, lakini bei yake ni ya juu zaidi. Kiwango hichohicho cha kimataifa humhakikishia mtumiaji umbali wa kuanzia sifuri hadi asilimia 81 ya ule ulioandikwa, baada ya kuzingatia joto, tofauti za utengenezaji na mabadiliko ya volteji. Kwa hiyo kihisi cha milimita 5 hufungwa pasipozidi milimita 4 kutoka kwenye shabaha ya chuma laini.

Asili ya chombo na suala la cheche

Kihisi cha induksheni cha transista kilizaliwa kutokana na hatari. Mwaka 1958 Walter Pepperl na Ludwig Fuchs, wenye karakana ya vifaa vya umeme huko Mannheim, Ujerumani, walitengeneza swichi isiyoguswa kwa ajili ya kiwanda cha kemikali cha BASF, ambako swichi za kawaida zililiwa na kemikali na cheche zake ziliweza kuwasha gesi. Kutokana na kazi hiyo na ya wengine waliofuata, viwanda vya kemikali vya Ujerumani kupitia chama chao cha NAMUR vilikubaliana juu ya kihisi cha waya mbili kinachotumia volti 8.2 tu, ambacho jibu lake husomwa kwa kiasi cha mkondo: ukishuka chini ya miliampia 1.2 metali ipo, ukipanda juu ya miliampia 2.1 haipo. Nishati ndogo kiasi hicho, ikipitishwa katika kizuizi maalumu cha usalama, haiwezi kuzaa cheche ya kuwasha gesi.

Historia hiyo inaihusu Myamba kwa namna ambayo haionekani upesi. Unga laini wa mazao, uwe wa ngano, sukari au viungo kama tangawizi, ukitanda hewani kwa wingi ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kushika moto na kulipuka kwa cheche moja. Mtu anayesaga tangawizi kwa kiwango cha kiwanda anaingia katika kundi lilelile la hatari lililowafanya wahandisi wa Mannheim watafute swichi isiyotoa cheche, na hivyo uchaguzi wa vihisi karibu na mashine ya kusaga ni suala la uhai wa wafanyakazi kabla ya kuwa suala la ufanisi.

Matumizi

Kihisi cha induksheni kilicho karibu zaidi na mkazi yeyote wa Upare kimo ndani ya pikipiki inayompandisha mlimani. Pembeni mwa gurudumu la magineti la injini kuna koili ndogo yenye sumaku yake, ambayo mafundi huiita pulsa, na juu ya gurudumu kuna kinundu cha chuma. Kila kinundu kinapoipita koili, uga wa sumaku hubadilika na volteji ndogo huzaliwa, ambayo huenda kwenye kisanduku cha CDI ili plagi itoe cheche kwa wakati wake. Aina hii haina osileta wala haihitaji umeme wa kuilisha, lakini ina udhaifu wake: huhisi mwendo tu, na mwendo ukiwa mdogo mno jibu lake hufifia, ilhali kihisi chenye osileta hutambua metali hata ikiwa imesimama tuli.

Katika viwanda, kazi ya kwanza ni kutambua mahali. Kihisi huwekwa kwenye mlango wa kinga wa mashine ya kukata ili mota isiwake mlango ukiwa wazi. Huwekwa kwenye ncha za silinda za hewa ili PLC ijue kama silinda imefika. Na katika mitambo ya kujaza vinywaji, kama ile iliyopo Moshi, vihisi vya aina hii hufaa kwa kuhesabu na kukagua vifuniko vya chuma kwenye chupa zinazopita kwa kasi. Kihisi kinachotumia mwanga kingeweza kufanya baadhi ya kazi hizo, lakini jicho lake hufunikwa na vumbi, ukungu au maji ya kuoshea, ambavyo vyote ni vya kawaida mahali pa kuosha na kusaga mazao.

Kazi ya pili ni kupima mwendo. Katika kiwanda cha saruji kinachopokea jasi, kama ile inayochimbwa Makanya, Wilaya ya Same, mzigo hubebwa kwa mikanda mirefu na kwa ndoo za kunyanyulia; mkanda ukiteleza au kukatika huku mota ikiendelea kuzunguka, mzigo hurundikana na mpira huungua kwa msuguano. Kinga yake ni nyepesi: bolti mbili hufungwa kwenye ngoma ya mwisho, ile isiyosukumwa na mota, na kihisi huwekwa mbele yake; ngoma ikizunguka mara 60 kwa dakika, kihisi hutoa mapigo mawili kila sekunde, na mapigo yakikoma kwa sekunde chache PLC huzima mota. Kanuni hiyohiyo hutumika kusoma mwendo wa mitambo ya kufua umeme, kwa kuhesabu meno ya gurudumu lililofungwa kwenye mhimili. Na vihisi vya mikondo ya Foucault vya kupima umbali hufuatilia mtetemo wa mhimili ili beringi inayochakaa igundulike kabla haijavunjika.

Reli nazo zimekipa chombo hiki dhamana kubwa. Katika mifumo ya ishara inayotumiwa na reli nyingi duniani, vihisi vya induksheni hufungwa kwenye reli mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande cha njia, huhesabu ekseli za magurudumu yanayoingia na yanayotoka, na njia huhesabiwa kuwa wazi pale tu hesabu hizo mbili zinapolingana. Treni inayofuata huruhusiwa au huzuiwa kwa hesabu hiyo.

Kigunduzi cha metali katika tangawizi

Matumizi yenye maana kubwa kuliko yote kwa Myamba ni kigunduzi cha metali katika chakula, ambacho ni ndugu wa kihisi cha induksheni. Tangawizi huvunwa ikiwa na udongo, huoshwa, hukatwa vipande, hukaushwa, husagwa na kufungashwa. Na katika safari hiyo hupita kwenye visu, wavu, bolti na nyundo za mashine ya kusagia, ambazo kila moja huchakaa. Meno ya kisu yakivunjika au chekeche ikitoboka, vipande vyake huingia katika unga, na mlaji aliye Dar es Salaam au ng'ambo hana njia ya kuviona.

Sumaku kali zilizowekwa kwenye njia ya unga hunasa chuma cha kawaida, lakini hazinasi alumini wala shaba, na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho kinachotengenezewa mashine za chakula, hazivutwi na sumaku. Hapo ndipo kigunduzi kinapohitajika. Kimeundwa kwa fremu ambayo bidhaa hupita katikati yake, na ndani ya fremu zimo koili tatu: ya kati hutoa uga wa sumaku unaogeuka kwa kasi, na mbili za pembeni, zilizo sawa na zilizounganishwa kwa kupingana, huupokea. Pasipo na metali, majibu ya koili mbili hufutana na kubaki sifuri. Kipande cha metali kinapopita, huivuruga koili moja kabla ya nyingine, mizani huharibika kwa nukta ya sekunde, na mkono wa mashine huondoa pakiti hiyo kwenye mkanda.

Ugumu wake mkubwa ni kwamba bidhaa yenyewe inaweza kujifanya metali. Tangawizi mbichi ina maji na chumvi za madini, hupitisha umeme kidogo, na hivyo huivuruga mizani ya koili. Kigunduzi kinachowekwa kabla ya kukausha hulazimika kupunguziwa wepesi wake, na matokeo yake vipande vidogo hupita. Tangawizi iliyokaushwa vizuri haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, ndiyo maana mahali panapofaa ni mwisho wa safari, baada ya kufungashwa. Ukaushaji hafifu, kwa hiyo, haukaribishi ukungu peke yake. Hupunguza pia uwezo wa kuulinda mzigo dhidi ya metali.

Kigunduzi kisichojaribiwa hakina thamani. Taratibu za usalama wa chakula zinazotokana na mwongozo wa Codex Alimentarius, zinazojulikana kwa kifupi cha HACCP, hudai kwamba kila hatua nyeti ipimwe, iandikwe na iwe na mtu anayewajibika. Kwa kigunduzi, hiyo maana yake ni kupitisha kwa saa zilizopangwa vijipande vya majaribio vya mviringo, vyenye kipenyo cha milimita chache tu, kimoja cha chuma, kimoja cha shaba au alumini, na kimoja cha chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho kigumu zaidi kugunduliwa, na kuandika katika daftari kama kila kimoja kilitolewa nje. Daftari hilo ndilo mnunuzi wa nje analotaka kuliona. Kiwanda kama kile kilichoanzishwa kwa nguvu ya ushirika wa wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba hushindana katika soko ambamo ushahidi wa usafi hulipiwa sambamba na zao lenyewe.

Soko

Soko la vihisi vya induksheni lina sura ya pekee. Wazalishaji wake mashuhuri wa Ulaya, miongoni mwao Pepperl+Fuchs, ifm, Turck na Balluff, ni kampuni za Kijerumani zilizojengwa na kushikiliwa na familia, na zimepata nguvu kwa kushughulika na aina chache za bidhaa kwa miongo mingi. Japani ina Omron na Keyence, Korea Kusini ina Autonics, na China ina viwanda vingi vinavyouza vihisi vya bei ya chini kwa wingi mkubwa. Wanunuzi wakubwa ni viwanda vya magari, vya mashine, vya ufungashaji na vya vyakula. Kwa kuwa vipimo vya hesi, rangi za waya na umbali wa kuhisi vimewekwa na viwango vya kimataifa, kihisi cha kampuni moja mara nyingi huweza kuchukua nafasi ya cha nyingine, na hilo humpa mnunuzi mdogo uhuru ambao hana anaponunua sehemu nyingine nyingi za mashine.

Uhuru huo una mitego yake. Mashine zinazotoka Ulaya kwa kawaida hutumia vihisi vya aina iitwayo PNP, ambavyo vikihisi hupeleka umeme chanya kwenye waya mweusi, ilhali nyingi za kutoka Asia hutumia aina ya NPN, ambavyo huunganisha waya huo na upande hasi; viwili hivyo hufanana kwa sura, na anayebadilisha kimoja kwa kingine huona taa ikiwaka huku mashine ikikataa kutii. Mtego wa pili ni bei: tofauti kati ya kihisi rahisi na cha gharama kwa kawaida hutokana na ubora wa kuzibwa dhidi ya maji ya shinikizo na sabuni kali, na anayefunga cha rahisi mahali pa kuoshea atakinunua mara nyingi. Mtego wa tatu ni umbali kutoka sokoni. Kihisi kinachopatikana Kariakoo au Nairobi kwa siku moja huweza kuchukua siku kadhaa kufika mlimani wakati wa mvua, na kiwanda kisicho na akiba ya vihisi viwili vitatu stoo husimama kwa ajili ya kitu kinachotosha mfukoni, katika msimu ambao tangawizi iliyokwisha kuvunwa haimsubiri mtu.

Hitimisho

Tanzania haikosi taasisi za kuibeba elimu hii. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. TEMDO na CAMARTEC, zote za Arusha, zina jukumu la kubuni na kuendeleza mashine. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha umeme na ufundi wa mitambo. Na induksheni ya sumakuumeme imo katika fizikia ya kila shule ya sekondari. Kinachokosekana ni kiungo kati ya ubao wa darasani na mkanda wa kiwandani, ili mwanafunzi anayekariri kanuni ya Faraday ajue kwamba kanuni hiyo inalinda kidole cha mfanyakazi na kinywa cha mlaji katika kijiji chake.

Kwa hiyo mhadhara huu unatoa rai kwa pande tatu. Vyama vya ushirika vya wakulima, vinaponunua mashine, vidai orodha ya vihisi vyake vyote, aina yake na mahali vinapopatikana, na vitenge fedha za akiba ya vipuri kabla ya siku ya uzinduzi. Walimu wa fizikia na wa ufundi wa Same waweke mezani kihisi kimoja, betri za volti 12, spana, sarafu na kipande cha alumini, na wawaache wanafunzi wapime wenyewe umbali wa kila metali. Vijana nao wasione kwamba ajira katika tangawizi ni ya jembe peke yake: kila kiwanda kitakachosimama katika milima hii kitahitaji mtu wa kukijua kihisi kilichofungwa pale, na inafaa mtu huyo awe mzaliwa wa hapahapa.